Mtoto wa Sita

Shajara ya ukoo wetu, ile iliyoandikwa upya Maskati na ambayo wengi wenu mna nakala yake, inamtaja babu yetu wa Malindi, Unguja, na watoto wake watano. Watoto walikuwa sita. Wa sita, ami yangu mdogo, hakufa utotoni. Aliishi miaka mingi na skizofrenia, na walioandika waliona kumfunika ndiyo sitara. Nakala nitakayowatumieni ina watoto sita.

Nimeombwa nisilifukue jambo hili. Ninalifukua kwa sababu mpwa wangu, mzaliwa wa Uingereza, anaugua maradhi hayo hayo, naye mwenyewe ameniruhusu kuandika. Daktari alipouliza kama katika ukoo yupo aliyewahi kuyapata, dada yangu alijibu kwa moyo safi kwamba hayupo. Maradhi haya huandama koo, ingawa hayamshiki kila mtu. Jibu lile halikubadilisha dawa. Lilimnyima kijana habari kwamba mtu wa damu yake aliyapitia na akazeeka nayo.

Ami alianza kusikia sauti akiwa na miaka ishirini na ushei, kabla familia haijahamia Oman. Zilimtukana, zikamwambia kwamba jirani anayasoma mawazo yake. Bibi akasema ni masheitani. Mwalimu akamwandikia kombe, aya za Kurani kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikakoshwa kwa maji ya waridi, akanywa. Alipozidiwa alipelekwa Kidongo Chekundu, akapewa klopromazini, dawa ambayo madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walianza kuwapa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Dawa za jamii hiyo huzuia kazi ya dopamini katika ubongo. Sauti zilififia, hazikwisha. Ami akisema, "Wamo chumba cha pili wanazungumza. Sina shughuli nao."

Nafuu hiyo aliilipia. Mikono ilimtetemeka, uso ukakakamaa, miguu haikutulia hata katika sala. Tulipokwisha kuhamia Maskati alipata sindano ya flufenazini kila wiki 4, dawa iliyotiwa katika mafuta ya ufuta ili iingie mwilini polepole. Bibi alipoambiwa habari ya mafuta hayo alisema, "Kumbe dawa ya watu," na tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akihesabu tarehe. Mara mbili jamaa waliikatisha wakidhani amepona. Mara zote mbili baada ya miezi michache alikutwa amelala nje, hamjui ndugu wala mtoto.

Lakini sindano pekee haielezi uzee wake mtulivu. Bibi hakumkaripia, wala hakuruhusu mtu amkaripie. Siku ambazo ami hakutaka kusema na mtu, hakuulizwa. Akipata nafuu hakushangiliwa, maana bibi aliona shangwe nayo ni mzigo. Alipewa kazi zake, kuchambua mchele na kununua mkate, na akirudi bila mkate alitumwa mwingine kimyakimya. Mtihani wa Mungu, akisema bibi, haupigiwi kelele.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba jambo hilo limepimwa. Mjini London, mtafiti George Brown aliona kuwa wagonjwa waliorudi katika nyumba zenye lawama, uadui au mahangaiko ya kupita kiasi juu yao waliugua tena zaidi kuliko wengine. Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff walionyesha kwamba katika nyumba kali kama hizo mgonjwa alikingwa na vitu viwili, kutumia dawa na kutokaa ana kwa ana na jamaa zake zaidi ya saa 35 kwa wiki. Naye Juli McGruder, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, aliishi Zanzibar akazichunguza familia za wagonjwa wa skizofrenia. Aliona kwamba imani ya masheitani na ya mtihani wa Mungu iliwasaidia wengine kumweka mgonjwa ndani ya jamaa bila kumtupia hatia. Niliposoma nilimwona bibi.

Sitaki kuipaka asali nyumba yetu. Kombe halikuzinyamazisha sauti, na wapo waliojiepusha kuoa kwetu kwa ajili ya ami.

Mpwa wangu alijaribiwa dawa mbili zisimfae. Sasa anatumia klozapini. Kwa kuwa yaweza kushusha chembe nyeupe za damu, alipimwa damu kila wiki kwa wiki 18, na sasa kila wiki 2. Pamoja na dawa ana mtaalamu wa saikolojia. Mwongozo wa Uingereza unataka vikao visivyopungua 16 vya tiba ya mazungumzo. Mtaalamu habishani naye kama sauti zipo. Humuuliza zinasema nini, na nini hutokea asipozitii. Kijana aliponieleza hayo nilimpa maneno ya ami ya chumba cha pili, akacheka, akayaandika. Jamaa nao wana vikao vyao, visivyopungua 10, na humo dada yangu anajifunza yale ambayo bibi aliyajua bila karatasi.

Sasa baadhi ya wazee wetu wanataka apelekwe Unguja akatibiwe kwa kitabu, na vidonge aviache. Kwa heshima yao nasema Unguja aende, na kombe anywe akipenda. Vidonge haachi. Klozapini ikikoseka zaidi ya saa 48 mgonjwa hairudii pale alipoachia. Huanzishwa upya kwa kiwango kidogo, chini ya uangalizi. Daktari wake amekwisha kuambiwa habari za safari, na habari za ami pia. Tikiti imekatwa ya siku 12, baina ya kipimo kimoja cha damu na kingine, na dawa itakuwa katika mkoba wa mama yake, si katika sanduku.