Shibiri Moja

Reli ya Ufaransa ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Ya Hispania ina milimita 1,668. Ukitoa moja katika nyingine unabaki na milimita 233, ambazo bibi zetu wangezipima bila kutafuta futi: ni shibiri moja ya mtu mzima. Kwa ajili ya shibiri hiyo, vijiji viwili vya milimani, kusini kabisa mwa Ufaransa, vilipata stesheni kubwa kuliko vyenyewe.

Stesheni hiyo huitwa Latour-de-Carol–Enveitg. Imeanza na jina la kijiji kimoja huku imesimama katika ardhi ya kijiji kingine, na nadhani watu wa Enveitg wana haki ya kununa kidogo. Hakuna kati ya vijiji hivyo kinachofikisha watu 1,000. Viko katika bonde pana la Cerdagne, kwenye Milima ya Pyrenees, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji wa bonde zima ni Wakatalani, walio huku na walio kule ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1659 Ufaransa na Hispania zilipatana kugawana nchi hiyo, na mwaka uliofuata vijiji 33 vya bonde vikaandikwa kwa Ufaransa. Mapatano yalisema vijiji, na Llívia ulihesabiwa kuwa mji. Basi Llívia umebaki wa Hispania hadi leo, umezungukwa na Ufaransa pande zote kama kisiwa. Nimelitaja hilo ili msomaji aone kwamba huko neno moja, au shibiri moja, si jambo dogo.

Tangu ujana wangu nimekuwa nikisikia kwamba Wahispania walipanua reli zao makusudi ili majeshi ya Ufaransa yasiwaingilie kwa treni. Ni hadithi tamu, na Napoleon alikuwa amewapa sababu ya kutosha ya kuogopa. Lakini taarifa ya wahandisi ya mwaka 1844, iliyopendekeza futi sita za Kastila, ilizungumzia jambo la kawaida zaidi. Nchi yao ina milima. Milima hudai injini zenye nguvu. Na siku hizo nguvu ilikuwa ni boila kubwa, lenye kuhitaji nafasi. Hawakumfungia mtu mlango. Walijenga nyumba yao kwa vipimo vyao, na mlango wa jirani ukakataa kulingana nayo.

Mwaka 1904 serikali hizo mbili zilitia sahihi mkataba wa kuvusha reli milimani. Wahispania wakafika Puigcerdà, mji wao wa mpakani, mwaka 1922. Wafaransa walikuwa na mlima mgumu zaidi. Walitoboa handaki linalojizungusha ndani ya jabali kama ngazi ya mnara ili treni ipate kimo, kisha wakatoboa jingine la zaidi ya kilomita tano chini ya Puymorens. Mwaka 1929 reli zikakutana. Zilikutana, nasema, hazikuungana. Treni ya Toulouse ilifika ikakoma, na treni ya Barcelona ilifika ikakoma, na kila aliyekuwamo, awe waziri au mchunga kondoo, alilazimika kuteremka na miguu yake.

Wakati huo mgeni mwingine alikuwa amekwisha kuwatangulia. Hiyo ni treni ndogo ya rangi ya manjano na nyekundu, rangi za Katalunya, ambayo ilianza kazi mwaka 1910 kutoka Villefranche na ikafika hapa mwaka 1927. Reli yake ni ya mita moja kamili, kama ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma na ile ya Mombasa kwenda Kampala, pungufu ya reli ya Kifaransa kwa dhiraa kasoro kidogo. Njia yake ni kilomita 63 tu. Huendeshwa kwa umeme unaopita katika reli ya tatu, chini kabisa, na umeme huo ulitafutwa palepale mlimani kwa kujenga bwawa la Bouillouses. Katika vituo vyake vingi abiria humpungia dereva mkono, kama tunavyosimamisha daladala. Kituo chake cha Bolquère-Eyne, mita 1,593, ndicho cha juu kuliko vyote katika reli za taifa la Ufaransa, na Wafaransa hujivunia sana. (Sikuwaambia kwamba reli ya upana huohuo huko Kenya hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 pale Timboroa.)

Kwa hiyo stesheni moja ya shamba ina reli za aina tatu, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa hatua chache. Watu wa mahesabu huiita hiyo hasara. Muda unapotea, mizigo inashikwa mara mbili, wafanyakazi wanalipwa kwa kazi ambayo chuma chenyewe kingeifanya. Lakini mahali ambapo safari haikatiki, hakuna anayenunua mkate. Huko Cerbère, mahali milima hiyo inapoingia baharini, kulikuwa na wanawake walioishi kwa kuhamisha machungwa ya Hispania kutoka behewa hadi behewa, kikapu kwa kikapu. Mwaka 1906 waligoma. Shibiri ileile ndiyo iliyowapa mshahara, na ndiyo iliyowapa nguvu ya kudai zaidi.

Wapo pia walioteremka bila kutaka. Barcelona ilianguka tarehe 26 Januari 1939, na katika wiki chache karibu watu nusu milioni walivuka mpaka kukimbilia Ufaransa kwa miguu, katika theluji. Baadhi yao walikusanywa katika stesheni hii na kupakiwa katika treni za kuwapeleka wasikokujua. Jengo lililokuwa kubwa mno kwa kijiji halikuwatosha.

Baada ya hapo sababu za kuwapo kwake zilianza kuondoka moja moja. Tangu mwaka 1969 kulikuwa na treni ya Barcelona hadi Geneva iliyopita njia ya pwani ikirekebisha magurudumu yake bila abiria kuinuka. Mwaka 1995 ukaguzi wa pasipoti mpakani ukafutwa. Mwaka 2013 treni za kasi zikaanza kwenda moja kwa moja kutoka Barcelona hadi Paris kwa reli ya upana mmoja. Ufaransa ilipozifuta treni zake nyingi za usiku mnamo 2016 na 2017, nilidhani ile ya Paris hadi Latour-de-Carol nayo imekwisha. Haikufutwa, serikali iliendelea kuigharamia kwa kuwa milima hii haina njia nyingine ya kufaa.

Nilifika huko kiangazi kimoja, miaka michache iliyopita, pamoja na mpwa wangu anayesoma Toulouse. Ukumbi ni mrefu na una mwangwi. Tulikaa kwenye benchi, nikamweleza haya niliyoyaandika hapa, kwa furaha kubwa, nikamalizia kwamba Tanzania nayo sasa ina aina tatu: ya mita moja, ya TAZARA yenye milimita 1,067, na tangu mwaka 2024 treni za abiria katika reli mpya ya 1,435. Nikasema laiti tungejenga miji pale zinapokutana badala ya kuhesabu hasara tu.

Alinyamaza kidogo. Baba yake alikuwa kibarua wa kuhamisha mizigo mahali kama hapo, na ada yake ya shule yote ilitoka huko.

"Mjomba," akasema, "wewe hukumkanda baba mgongo."

Sikuwa na jibu, na sina hata sasa. Najua kwamba bila magunia yale asingefika Toulouse. Yeye anajua zaidi yangu, maana ndiye aliyekuwa akichemsha maji jioni.

Treni ya Barcelona ikaingia. Waliteremka watu wachache, mmojawapo mwanamke mwenye mtoto mgongoni na masanduku mawili, aliyekuwa akiiwahi treni ya usiku ya Paris. Mpwa wangu alinyanyua sanduku moja, nami nikachukua la pili. Lilikuwa zito kweli. Tukavuka naye.