Mhasibu wa Milepa agonga mwamba mpakani

Msomaji, usicheze na mpaka! Juzi nilimsindikiza binamu yangu wa Milepa, mhasibu mwenye cheti, aliyepata kazi Mbala, Zambia. Tukapanda lori la mpunga, tukakwea Lyambalyamfipa hadi Sumbawanga. Kesho yake Kasesya. Afisa akaangalia pasi, akacheka: “Kutembea ruksa. Kibali cha kazi kiko wapi?”

Kumbe soko la pamoja la 2010 ni la Afrika Mashariki, Zambia haimo. Kibali anatakiwa akiombe mwajiri. Wenzetu bwana! Mhasibu wa Kanada anaomba chake pale pale mpakani mwa Marekani, tangu mkataba wao wa 1994, na ule wa 2020 haukukiondoa.

Tulirudi usiku, nauli juu yangu. Tajiri wa Mbala kasema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi tu.