Breki za Gari la Usharika

Gari la usharika wetu ni Land Cruiser la zamani, lile ambalo mtaani huitwa mkonga. Limebeba wagonjwa, majeneza, mahindi ya mavuno na kwaya zetu tatu. Kila siku ya safari tulikuwa tunalizunguka, tunashikana mikono, tunaomba. Kufungua boneti hatukuwa na desturi nayo.

Tunaandika haya sisi tuliokuwa kwenye kamati ya fedha na mali mwaka ule kwaya ilipoalikwa Iringa. Kwenda kulikuwa kwema. Kurudi Dodoma lazima ushuke Mlima Nyang'oro, kutoka kwenye baridi ya nyanda za juu hadi kwenye joto la bonde la Ruaha na bwawa la Mtera. Ni mteremko mrefu wenye kona. Katikati yake dereva wetu alikanyaga breki, pedeli ikazama hadi chini. Akaingiza gia ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia, halafu akaliegemeza gari upande wa mlima mpaka likakwama mtaroni. Wote walitoka hai. Mama mmoja wa sauti ya pili alivunjika mkono.

Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya usharika tukatangaza kwamba dereva alikuwa na mwendo kasi. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ushahidi. Lakini tangazo lile lilitufaa, maana likipatikana kosa la mtu mmoja, kamati haiulizwi kitu. Tukachukua funguo. Alikuja ibadani wiki mbili, akakaa benchi la nyuma, kisha hakuonekana tena.

Gari likavutwa hadi gereji moja hapa mjini. Fundi alipofungua magurudumu ya nyuma, akatuita twende tukaone kwa macho yetu. Huko nyuma gari letu lilikuwa na breki za dramu. Dramu ni kama sufuria la chuma linalozunguka pamoja na tairi. Ndani yake kuna breki shuu mbili zilizopinda kama mwezi mchanga, na ukikanyaga pedeli, silinda ndogo huzisukuma zikabana ukuta wa lile sufuria. Silinda ya kulia ilikuwa inavuja. Mafuta ya breki yalikuwa yamelowesha shuu na kuchuruzika hadi kwenye ringi. Upande wa kushoto kirekebishio kilikuwa kimeshikwa na kutu, shuu hazifiki ukutani. Na mchanga wa makorongo ya Bahi ulikuwa umeganda humo ndani kama udongo wa mfinyanzi.

"Wazee wangu," fundi alisema, "hili halikuanzia Nyang'oro. Hili ni la miezi."

Akatueleza lililobaki. Breki za mbele zilikuwa zimeachiwa kazi yote peke yake. Mteremkoni zikapata moto, na mafuta ya breki ya siku nyingi, ambayo hunyonya unyevu polepole, yakachemka. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea tu, hausukumi chochote. Kwamba dereva alilisimamisha gari kwa gia, fundi yule alilishangaa.

Tukaenda kufungua faili. Zilikuwemo barua mbili za dereva, kwa mwandiko wake wa taratibu, akiomba silinda za nyuma na mafuta ya breki. Juu ya zote mbili tulikuwa tumeandika neno moja: Isubiri. Mwezi wa barua ya pili tulinunua spika.

Mchungaji hakutukaripia. Alitufungulia Kumbukumbu la Torati 22:8, ile sheria ya mtu anayejenga nyumba mpya, kwamba aweke ukingo juu ya paa asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yake. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi na kuipita haraka, kwa kuwa nyumba zetu hazina paa za kutembelea.

Tulikwenda wanne nyumbani kwa dereva jioni. "Mbukwenyi," alitusalimu, akatoa viti, akamtuma mtoto maji ya kunawa. Tukasema tulichokuja kusema. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Wazee wangu, nimewasikia, na nimewasamehe. Lakini mlinisema kanisani, si hapa." Mmoja wetu alianza kueleza kwamba jambo hili lingeweza kumalizwa kwa barua. Mwingine akamgusa goti, akaacha.

Jumapili ile tulisimama palepale tuliposimama mwanzo, tukazisoma barua zake mbili, pamoja na neno tuliloliandika juu yake. Hatujawahi kusoma tangazo gumu kama lile.

Suala la diski lilikuja baadaye, na si wote tulilitaka kwa sababu njema. Wengine waliona kwamba gari likiwa na diski nne usharika utaamini tumefanya kitu. Fundi alikuwa mkweli: dramu nzima, zikitunzwa, zingewarudisha watu nyumbani salama. Ila kwa njia zetu, alisema, diski ina faida. Iko wazi kwenye upepo, hupoa upesi, na baada ya kuvuka korongo hutupa maji na tope badala ya kuyafungia ndani. Tena unene wa breki pedi unaweza kuuchungulia kwenye matundu ya ringi bila kufungua tairi. Hilo la mwisho ndilo lililotuamulia. Mchango ukapita, spea zikatoka Dar es Salaam: diski zenye dramu ndogo katikati kwa ajili ya hendibreki, kalipa, na mabano ya kuzishikilia. Mipira na mafuta ya breki vilibadilishwa gari zima.

Fundi hakukubali kulikabidhi gari mpaka dereva alijaribu. Wakatoka hadi barabara ya vumbi upande wa Hombolo, gari tupu. Alipokanyaga kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka na mkia ukakimbilia pembeni. Tulidhani kazi imeharibika. Kumbe gari likifunga breki uzito wake huhamia mbele, nyuma hubaki nyepesi, na kuna vali inayopunguza nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Mkono wake ulikuwa haujarekebishwa baada ya kazi mpya. Walirudi gereji, wakaurekebisha, wakajaribu tena hadi jua likazama.

Tumeshakwenda Iringa tena. Mama yule wa sauti ya pili alikuja, ila alipanda basi. Mkono wake haunyooki vizuri. Usharika ulilipia matibabu yake, naye hutusalimia kama zamani, lakini gari lile halipandi, na hatujamwuliza sababu.

Kabla ya kuanza kushuka Nyang'oro dereva husimamisha gari, akazunguka tairi moja moja akichungulia kwenye matundu ya ringi. Siku hizi na sisi hushuka, tukachungulia pamoja naye.