Rafiki Mwenye Kamera

Nimeketi katika kamati za harusi nyingi, na karibu katika kila moja hufika jioni ambapo mhazini husoma hesabu, wajumbe hunyamaza, kisha mmoja wao huuliza ni kitu gani kipunguzwe. Ahadi zilikuwa nono, fedha iliyoingia ni pungufu. Chakula hakiguswi. Vinywaji havithubutiwi hata kutajwa. Ukumbi umekwisha kulipiwa arubuni. Basi macho hushuka hadi mwisho wa karatasi, palipoandikwa “Picha”, na sauti husikika kutoka pembeni: “Jamani, si yupo yule rafiki yake bwana harusi? Ana kamera nzuri sana.” Wajumbe hufurahi, fungu hufutwa, na kikao huendelea na mambo ya magari.

Hoja ya wanaomtetea rafiki si ya kupuuzwa. Rafiki anawajua watu. Mpigapicha wa kulipwa huingia ukumbini akakuta wageni mia tatu asiomfahamu hata mmoja, naye, kama binadamu yeyote, huwapiga walioketi mbele na waliovaa vizuri. Mgeni rasmi hupata picha kumi na moja. Bibi aliyemlea bi harusi tangu akiwa mchanga, aliyeketi nyuma kabisa na fimbo yake, hapati hata moja. Nimeona albamu za namna hiyo, nzuri za kupendeza, ambazo familia huzifunua kurasa kwa kurasa ikimtafuta mtu ambaye hayumo.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo kuwajua watu hakuyasaidii. Ukumbi wa harusi ni mahali pagumu kwa kamera. Bi harusi amevaa gauni jeupe pe, bwana harusi suti nyeusi, taa ni hafifu, na nyuso ni zetu sisi, nyeusi. Kipimamwanga cha kamera hakijui lililo muhimu. Kikiona weupe mwingi wa gauni hupunguza mwanga, na uso wa bi harusi ukawa kivuli chenye meno. Filamu zenyewe hazikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi ya kusawazishia rangi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na mafundi wa kusafisha picha wakaifuata hiyo. Mpigapicha wa mtaani kwetu alijifunza kuongeza mwanga kwa kuharibu filamu zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, kabla hajathubutu kupokea fedha ya mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilialikwa kwenye harusi moja mjini Morogoro. Picha alipewa rafiki wa bwana harusi, mtu mwema na mkarimu, aliyekuwa na kamera iliyotoka Ulaya. Picha za nje ya kanisa zilitoka safi. Za ndani ziliponzwa na kitu kidogo. Kamera za wakati ule, zile za kuzungusha filamu kwa mkono, zilikuwa na pazia la kitambaa lililopita mbele ya filamu. Ukitumia flashi ilikupasa uweke kasi ndogo, kwa nyingi ikiwa ni 1/60 ya sekunde, ili taa iwake pazia likiwa wazi lote. Ukiiacha kwenye 1/250, kama nje juani, taa huwaka pazia likiwa limefunguka sehemu tu, na upande mmoja wa picha hubaki mweusi. Ndivyo ilivyokuwa. Katika picha ya pete, bi harusi anavishwa pete na mkono unaotoka gizani. Katika ile ya baba yake kumkabidhi, baba hayupo. Na siku zile hukuweza kuiona picha papo hapo. Walijua wiki mbili baadaye, filamu iliporudi kutoka studio. Mzee yule alifariki mwaka uliofuata.

Lililonishughulisha zaidi ni yaliyotokea baina ya marafiki hao wawili. Hakuna aliyesema neno. Ungemwambia nini mtu aliyekusaidia bure, tena aliyenunua filamu kwa fedha yake? Bwana harusi alimshukuru. Lakini yule rafiki alikuwa amekwisha kuona picha, akajua, akaanza kupita njia nyingine kwenda kazini. Angalikuwa fundi wa kulipwa angaliitwa, angalifokewa, angalirudisha sehemu ya fedha, na jambo lingalikwisha siku ile ile. Malipo humpa anayelipa haki ya kulalamika na humpa anayelipwa njia ya kulipa kosa lake. Rafiki hana njia hiyo. Tena jioni ile yote hakula akashiba, hakucheza, wala hakwenda mbele kutoa mkono wa pongezi pamoja na wenzake wa ujana. Katika albamu yenyewe hayumo popote.

Vijana huniambia kwamba siku hizi hayo yamekwisha, kila mgeni ana simu na picha huonekana palepale. Ni kweli kwamba lile pazia halimtatizi tena mtu. Lakini ukumbi ni ule ule na taa zake, na wageni hamsini walioinua simu njiani humziba hata fundi aliyelipwa. (Sisemi kitu juu ya wapiga video na ile taa yao inayompofusha padri.) Aidha, memori kadi huweza kuharibika kama filamu ilivyoharibika, ndiyo maana wapigapicha wengi wa harusi huchagua kamera yenye nafasi mbili, inayoandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Rafiki mwenye simu hana sababu ya kuyafikiria hayo.

Simsifu kila anayejiita fundi. Wapo wanaopokea arubuni mbili za Jumamosi moja, kisha huku wakamtuma kijana anayejifunza. Wapo wanaokaa na picha nusu mwaka. Kwa hiyo nashauri yaandikwe katika karatasi moja: atakuja nani hasa, saa ngapi, atatoa picha ngapi, lini, na nani atabaki na picha zenyewe. Fundi mzuri hachukizwi na karatasi hiyo.

Katika harusi ya binti wa mdogo wangu tulikata mapambo, ambayo yalikuwa yamevuka kiasi, tukamlipa fundi kwa kanisani na kwa picha za familia tu. Rafiki wa maharusi, aliyekuwa tayari amejitolea na kamera yake, tulimpa kazi nyingine: orodha ya majina ishirini na matatu, na amri ya kumshika fundi mkono. “Mama yule wa kitenge cha bluu ni shangazi mkubwa. Mzee huyu ametoka Mpwapwa kwa basi, mpige na maharusi kabla hajaondoka.” Orodha ilikwisha kabla ya keki, naye akaenda kuketi. Yumo katika albamu, mdomo umejaa pilau.

Tuliongeza pia katika fungu lile gharama ya kuchapa picha kwenye karatasi, jambo ambalo vijana katika kamati walilishangaa kidogo, kwa kuwa zote zingekuja kwa simu. Nakala moja ya picha ya familia ilitiwa fremu na kupelekwa kijijini kwa bibi, ambaye simu yake ni ile ndogo ya kupigia na kupokea.