Nilimshuku Dada, Kumbe ni Ruta

Mama mwenzangu, jambo hili nilisita kuliandika kwa sababu linaniaibisha. Lakini nyumba nyingi siku hizi zina ruta ya intaneti, na nyingi zina dada wa kazi, na huenda yaliyonipata mimi yakakupata na wewe.

Mume wangu anafanya kazi mgodini huko Geita, nami naishi na watoto Morogoro. Kila jioni saa mbili na nusu anatupigia simu ya picha, tunasoma Neno na kuomba pamoja. Basi Jumatano moja uso wake uliganda kwenye simu, mdomo wazi, sauti ikakatika. Mtoto mdogo alicheka, kisha akalia. Alhamisi ikawa vivyo hivyo. Ijumaa hatukuomba naye kabisa.

Nilipowapigia wanaotuletea intaneti walinijibu kwamba usiku wa Jumanne ruta yetu ilisasishwa, yaani programu yake ilibadilishwa kuwa mpya kutoka huko huko kwao, na kwamba laini haina tatizo. Nikaizima ruta, nikaiwasha. Wapi!

Ndipo nikafungua mahali ruta inapoorodhesha vifaa vilivyojiunga nayo. Sisi tuna vitano: simu tatu, kompyuta na televisheni. Orodha ilikuwa na vinane. Vitatu havikuwa na jina lolote, ni herufi na tarakimu tu. Moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwa dada, maana ana mazoea ya kuongea na wasichana wa nyumba ya pili.

"Dada, umewapa majirani neno la siri?"

"Hapana, mama."

"Usinidanganye."

Hakujibu tena. Usiku uleule nilibadilisha neno la siri, nikaweka kwenye simu yangu na ya binti yangu, yeye sikumpa. Alimaliza kuosha vyombo, akaniaga kwa adabu kama kawaida, akaenda kulala.

Asubuhi simu zilikuwa zinajikokota kama jana. Wezi niliowafungia mlango hawakuwapo, na bado sikujiuliza.

Jumapili baada ya ibada nilimwomba kijana anayeshughulikia vyombo vya sauti kanisani aje atazame. Hakuanza na simu. Alichukua waya, akaunganisha kompyuta na ruta moja kwa moja, akapima kasi. Tunalipia megabiti 20 kwa sekunde, na kompyuta ilipata 19. Kisha akapima simu yangu kule chumbani. Ikapata 2.

"Mama, maji yanafika getini vizuri," akasema. "Tatizo liko humu ndani."

Akanieleza kwamba ruta yetu hurusha mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta, ila ni ya polepole na yamesongamana, kwa kuwa ruta za majirani na hata jiko la maikrowevu hutumia eneo hilo hilo. Yale ya gigahezi 5 yana kasi, lakini ukuta wa tofali huyachosha upesi. Zamani ruta yetu ilikuwa na majina mawili, moja kwa kila wimbi, na simu zetu zilikaa kwenye lile la kasi. Sasisho liliyaunganisha yakawa jina moja, na simu zikabaki zimeng'ang'ania wimbi la polepole. Nikakumbuka kwamba Jumatano ile simu zote zilidai neno la siri upya, nami nikajaza, hata ya dada, bila kujiuliza kwa nini.

Akatenganisha tena majina. Lile la polepole akaliweka kwenye chaneli ya 11 baada ya kuona majirani wamejazana kwenye ya 6. Akaitoa ruta sakafuni nyuma ya televisheni, akaipandisha juu ya kabati. Kwenye simu akafuta mtandao wa zamani ndipo akaunganisha upya. Kazi ya nusu saa.

"Na hawa watatu wasio na jina?" nikamwuliza.

Akafungua mipangilio ya simu yangu, akanionyesha anwani yake. Ilikuwa herufi kwa herufi sawa na mmoja wa "wezi" wangu. Simu nyingi za miaka hii, alisema, huficha anwani yao halisi na kutumia nyingine kwa kila jina la mtandao. Jina lilipobadilika, simu zetu tatu zikaandikwa upya kama wageni. Yale majina ya zamani aliyoyaandika mume wangu yalikuwa bado yapo, yamefifia rangi, ndiyo alama kwamba hayapo hewani. Mimi nilihesabu tu.

Nilimfuata dada jikoni. Nilimwambia, "Nisamehe. Nilikusingizia." Watoto walikuwa wanasikia, nami nilitaka wasikie, kwa kuwa walisikia na lile la kwanza.

"Yameisha, mama," akasema, huku akichambua mchele.

Nikamwomba simu yake nimwekee neno jipya la siri. Akafuta mikono, akanipa. Ndipo nikaona ujumbe wa bando alilonunua kwa pesa yake Jumamosi, ili Jumapili azungumze na mwanawe aliyeko kwa bibi yake.

Jioni ile mume wangu alionekana vizuri tangu wimbo hadi amina. Dada naye sasa ana neno la siri. Lakini Jumapili, akitaka kuongea na mwanawe, bado hununua bando lake, hutoka nje, huketi chini ya mwembe. Sijamwuliza.