Jina Moja Kwenye Karatasi Zote

Nilipoanza kusomea unesi wa cheti katikati ya miaka ya 1980, Sheria ya Wauguzi ya Kenya, ile Sura ya 257, ilikuwa changa. Ilitungwa 1983, lakini sisi wanafunzi hatukuwa tumeiona kwa macho. Mambo yote ya Baraza la Wauguzi yalikaa kwenye droo ya mwalimu wetu. Ndiye aliyepeleka majina Nairobi, ndiye aliyetugawia namba za indeksi, na mtihani ulipokaribia alituamuru tupige sare pasi na tuje na kalamu mbili. Basi.

Matokeo yalikuja kwa posta. Nyumbani kwetu Cheptiret hatukuwa na sanduku, kwa hiyo barua yangu ilipitia kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na kabla sijaishika akina mama waliokuwa wakiuza maziwa kando ya barabara ya Nakuru walikuwa wameshanipongeza. Baba alikitia cheti kwenye fremu akakitundika sebuleni. Kwa fikra zake, na zangu pia wakati ule, safari ilikuwa imekwisha.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2005, shirika la afya la Amref lilipoanzisha masomo kwa njia ya kompyuta kwa kushirikiana na Baraza ili manesi wa cheti tupande hadi diploma bila kuacha kazi. Maelfu tulijiunga. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, nashuka zamu ya usiku nikiwa na macho mekundu, kisha nakaa mbele ya mashine ambayo kijana wa pale alinionyesha jinsi ya kuiwasha. Safari hii hapakuwa na droo ya mwalimu. Fomu nilijaza mwenyewe, risiti nilitunza mwenyewe, na tarehe zikipita zilikuwa zimepita.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaosoma hapa jirani, wengine Chuo Kikuu cha Moi, wengine chuo cha tiba cha KMTC Eldoret, hunijia wakiniita Kogo, yaani bibi. "Kogo, tusaidie na hii mambo ya leseni," husema, simu mkononi. Wengi hudhani leseni ni jambo la mwaka wa mwisho. Nami huwauliza kwanza la mwaka wa kwanza: chuo chenu kimeidhinishwa na Baraza, na umeshapewa indeksi? Ada iliyolipwa chuo kisichotambuliwa haikupeleki kwenye chumba cha mtihani wa Baraza, hata ukiwa na akili ya kupita wenzako wote.

Kisha naomba kuona majina. Hapa ndipo watu wetu huumia. Msichana aliandikishwa Jepkosgei kwenye cheti cha kuzaliwa, mwalimu wa darasa la nane akaandika Chepkosgei, cheti cha KCSE kikafuata cha mwalimu, kitambulisho kikafuata cha kuzaliwa. Nyumbani ni mtu mmoja, hakuna anayeshtuka. Kwenye rejista ni watu wawili. Juzi nilikaa na mmoja kwenye saiba ya stendi, tukapanga karatasi zake mezani kama karata, na kila moja ilikuwa na herufi yake. Jina la ubatizo nalo lilikuwepo kwenye mbili, halipo kwenye nyingine. Nikamwambia aanze kuhangaika sasa, akiwa bado na muda, maana kurekebisha jina kunataka wakili, kiapo na subira, na ofisi hazikimbii kwa sababu wewe unakimbia.

Jambo la tatu ni kitabu cha mazoezi ya wodini. Zamani sista wa wodi alikujua kwa sura na neno lake lilitosha. Leo, akina mama waliojifungulia mikononi mwako pale Riley, ile hospitali ya mama na mtoto iliyofunguliwa 2009 katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, hawahesabiki mpaka msimamizi aweke saini. Tafuta saini yake siku hiyo hiyo. Msimamizi akihamishwa, utamtafuta wapi? Nao ujazaji wa partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, usiwe wa kuiga mwenzako, kwa sababu mtihani wa Baraza hauulizi ulichokariri tu; unagusa uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na afya ya akili, na aliyekesha wodini huonekana katika majibu yake. Anayeanguka huruhusiwa kurudia, ingawa majirani hawaachi kuuliza.

Wa digrii wana mwaka mzima wa mafunzo kazini baada ya chuo. Wazazi wengi hawalijui hilo, na huanza kudai matunda mapema.

Halafu kuna lile ambalo fremu ya baba ilinificha: kusajiliwa ni mara moja, leseni ya kufanya kazi ni ya kuhuishwa. Ili ihuishwe unatakiwa kuonyesha umeendelea kujifunza, pointi 20 kwa mwaka, kwa semina, kozi na mafunzo ya hospitalini. Wazee wenzangu waliponda utaratibu huu, wakasema ni njia ya kukamua pesa. Mimi sikubaliani nao. Dawa tulizokuwa tukiwapa wajawazito nilipoanza kazi si zote ninazoweza kuzitetea leo, na fremu haikunifundisha hilo.

Siku hizi swali la kwanza la vijana ni Uingereza, hasa tangu serikali yetu na ya huko zitie saini makubaliano ya wauguzi mwaka 2021. Silikatai. Ila hata huko watauliza Baraza letu la Nairobi lithibitishe kwamba wewe ni nesi, na Baraza litajibu kwa jina lililo kwenye rejista. Kwa hiyo Jepkosgei wangu amepanda matatu kwenda Eldoret kumwona wakili, na pasipoti itangoja.