Mizigo Haipangwi Njiani

Mwaka jana nilirekebisha kosa moja katika programu ya matokeo tunayoiandika kwa pamoja chuoni. Papo hapo nikapanga upya nafasi na majina katika faili zima. Mwenzangu aliyekagua akakuta mamia ya mistari imebadilika. Kosa jipya nililolitia likajificha humo, na mwanafunzi mmoja nusura akose kuhitimu.

Nilipozuru Kwihara, Tabora, niliikumbuka misafara ya karne ya 19. Kutoka pwani ilifika Unyanyembe, ikapumzika, mizigo ikapangwa upya, wapagazi wapya wakaajiriwa; ndipo ikaelekea Ujiji.

Usafi wa msimbo nao una kituo chake: kazi za wenzako zikishaunganishwa, tena ufanywe peke yake, usichanganywe na marekebisho. Afunguaye mzigo wa wote katikati ya njia huupoteza msafara.